Wanawake maveterani wa futiboli ya Kiaustralia wanaanza, hawarudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa kukua kwa futiboli ya Kiaustralia, mchezo wa mpira wa umbo la yai wenye kukabana kwa mikono, miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 35 na kuendelea. Habari zinazoandikwa juu yao huishia kwenye shangwe: mama wa watoto watatu avaa njumu, mwenzake wa miaka 50 afunga goli lake la kwanza. Shangwe hiyo ni ya haki. Lakini kuna jambo linalopitwa kila mara, na ndilo linaloamua kama mchezaji atamaliza msimu akiwa na magoti mazima. Wanaume wengi wanaojiunga na timu za maveterani wanarudi kwenye mchezo waliolelewa nao. Wanawake wa rika lao wengi ndio kwanza wanauanza. Klabu inayochukua ratiba ya mazoezi ya maveterani wa kiume na kuwapa wanawake kama ilivyo, inawapeleka hospitali.

Sababu iko kwenye tarehe. Katika jimbo la Victoria, ambako kanuni za mchezo huu ziliandikwa mwaka 1859, msichana aliruhusiwa kucheza pamoja na wavulana mpaka alipofika miaka 12 hivi. Hapo alitakiwa kuondoka, na hapakuwa na ligi ya wasichana ya kumpokea. Ligi ya wanawake watu wazima ya Victoria ilikuwapo tangu 1981, ikianza na timu nne, ila kati ya utoto na utu uzima palikuwa patupu. Wasichana watatu, mmoja wao Penny Cula-Reid, walilipeleka suala hilo mbele ya baraza la jimbo la kusikiliza mashauri ya kiraia, na uamuzi ukatolewa mwaka 2004. Hawakupata yote waliyoomba, lakini baada yake mashindano ya wasichana yalianzishwa. Cula-Reid baadaye aliichezea Collingwood katika ligi ya taifa ya wanawake, AFLW.

Sasa piga hesabu. Mwanamke wa Victoria aliyezaliwa 1985 alifikisha miaka 12 mwaka 1997. Mlango ulipofunguliwa 2004 alikuwa na miaka 19, umri ambao wavulana wenzake tayari walikuwa wameruka, wameanguka na kukabwa maelfu ya mara. AFLW ilipoanza tarehe 3 Februari 2017, Carlton dhidi ya Collingwood, watazamaji 24,568 walijaza uwanja mpaka mageti yakafungwa. Miaka miwili baadaye fainali ya Adelaide ilikusanya watu 53,034, na tangu 2022 klabu zote 18 za ligi kuu zina timu ya wanawake. Mwanamke huyo wa 1985 aliyaona yote haya akiwa na zaidi ya miaka 30. Hamu ilimjia pamoja na nafasi, lakini mwili wake haukuwahi kufundishwa mchezo.

Wapo wanaomtaja Cora Staunton kama ushahidi kwamba umri si kitu. Ni kweli kwamba mwanamke huyo wa Ireland aliichezea klabu ya GWS ya Sydney katika AFLW hadi baada ya kutimiza miaka 40, na kwamba alirudi uwanjani baada ya kuvunjika mguu vibaya mwaka 2019. Tumpe heshima yake yote. Ila Staunton alifika Australia akiwa na zaidi ya miongo miwili ya futiboli ya Kigaeli nyuma yake, mchezo wenye kuruka, kudaka na kugongana. Anayemfanya kipimo cha mhasibu wa miaka 43 ambaye hajawahi kukimbia akigeuza mwelekeo tangu shule ya msingi anafanya kosa lilelile la kuchanganya anayerudi na anayeanza.

Mchezo wenyewe unadai mambo mengi kwa wakati mmoja. Uwanja ni duara refu lenye urefu wa mita 135 hadi 185 na upana wa mita 110 hadi 155, kwa hiyo mbio ni ndefu na hakuna mstari wa kuotea wa kumpunguzia mtu kazi. Mpira ni wa umbo la yai na hudunda ovyo. Anayekimbia nao lazima auguse chini au kuudundisha kila mita 15. Pasi ni ya teke au ya ngumi, kurusha hakuruhusiwi. Anayedaka mpira uliopigwa teke na kusafiri angalau mita 15 hupewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Na mwenye mpira hukabwa: hushikwa kwa mikono, chini ya mabega na juu ya magoti, akaangushwa. Michuano ya maveterani huchezwa kwa kanuni zilizolegezwa ili kupunguza migongano, lakini ardhi haijalegezwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Kwa hiyo wiki nane za kwanza ndizo zinazobeba msimu mzima, na nataka nizieleze kwa kirefu.

Mazoezi mawili kwa wiki yanatosha, ya dakika 60 hadi 75, na kati yake zipite saa 48 angalau. Mapafu na moyo huitikia haraka: baada ya wiki tatu au nne mchezaji anajisikia mwepesi na anataka kukimbia zaidi. Kano hazina haraka hiyo. Zinahitaji miezi. Ndiyo maana mashavu ya miguu na kano za kisigino huanza kulalamika karibu na wiki ya nne, pale pumzi inapomruhusu mtu kufanya kazi ambayo kano zake bado haziwezi kuibeba. Kocha asiyelijua hili huona wachezaji wamechangamka akaongeza mbio, na ndani ya siku kumi ana wanne wanaochechemea. Dawa yake haina mvuto lakini inafanya kazi: kusimama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, kupanda kwa vidole na kushuka taratibu, mara 15 kwa kila mguu, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Waianze kabla ya zoezi la kwanza la uwanjani. Anayeshindwa kufikisha 15 aanze na miguu miwili.

Wiki mbili za mwanzo pasiwe na mgusano wowote. Hapo ndipo watu hujifunza kuanguka, jambo ambalo makocha wengi hulipita kwa sababu wao wenyewe walilijua tangu utoto na hawakumbuki kulifundishwa. Mtu mzima anayeanguka bila mafunzo hutanguliza mkono ulionyooka. Uzito wote hupita kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mtulinga, na kimojawapo huvunjika. Kwa mwanamke anayekaribia au aliyepita ukomo wa hedhi, ambapo mifupa hupoteza uimara wake kwa kasi zaidi, hatari hiyo huongezeka. Fundisha kwa ngazi: kwanza kutoka magotini kwenye nyasi laini, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani, mikono imekunjwa, mwili ukiviringika kupitia nyuma ya bega hadi mgongoni. Kisha kutoka kuchuchumaa, kisha kwa kutembea, mwisho kwa kukimbia polepole huku mpira umekumbatiwa. Dakika kumi kila zoezi. Anayeogopa aachwe kwenye ngazi yake, maana woga hukaza mwili, na mwili uliokazwa ndio unaoumia.

Sambamba na hilo kuna kutua baada ya kuruka. Kano ya msalaba ya goti hukatika mara nyingi bila mtu kuguswa, wakati wa kutua au kugeuka ghafla, goti likiingia ndani huku mguu umeng'ang'ania ardhini. Kwa wanawake wa AFLW jeraha hili hutokea mara kadhaa zaidi ya kwa wanaume, na kupona baada ya upasuaji huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili. AFL, shirika linalosimamia mchezo huu, pamoja na Chuo Kikuu cha La Trobe wametengeneza programu ya Prep to Play kwa ajili ya wanawake na wasichana, inayofundisha kupasha mwili moto, kutua, kugeuka na kugusana kwa usalama. Klabu ya maveterani haina sababu ya kubuni yake. Cha kuangalia ni hiki: kutua kwa miguu miwili inapowezekana, nyonga zikirudi nyuma kama mtu anayekaa kwenye kiti, magoti yakielekea vidole vya miguu, na kutua kukiwa kimya. Ukisikia kishindo, kutua huko kulikuwa kubaya. Anza na miruko ya sentimita 20 tu. Kugeuka nako kufanywe kwa hatua fupi fupi, si kwa hatua moja ndefu ya kuchimba.

Kukaba kuanze wiki ya tatu, wachezaji wakiwa wamepiga magoti. Macho juu, kichwa upande wa nje wa mwili wa mpinzani na kamwe kisiwe mbele yake, bega likutane na mbavu, mikono izunguke na kubana. Kisha kwa kutembea, wakitumia mto wa mazoezi, na baadaye mtu kwa mtu kwa nusu ya nguvu. Kosa la kawaida la anayeanza ni kukaba kwa mikono peke yake akiwa mbali, ambapo vidole hunasa kwenye jezi na kuteguka. Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi, ni kumzungusha mwenzake na kumtupa, kichwa kikigonga ardhi. Hilo halina mjadala: linakatazwa, na kocha alikemee hata likitokea mazoezini kwa bahati mbaya. Anayekabwa naye afundishwe kuachia mpira mapema. Wanaoanza huukumbatia kwa hofu, refa anawapigia filimbi, nao wanabaki chini ya watu watatu bila faida yoyote.

Teke linahitaji onyo lake. Mpira hushikwa wima kidogo, mkono wa upande wa mguu unaopiga ukiushusha kuelekea mguuni, na mguu uliokazwa huugonga kwenye ncha ya chini ili uzunguke kwa kurudi nyuma. Wanaoanza huurusha juu badala ya kuuachia, ukafika umelala na kuruka pembeni. Kwa hasira ya kutaka kurekebisha, mtu hupiga mateke mia jioni moja, na kesho yake msuli wa mbele ya paja umechanika. Wiki ya kwanza mateke 30 kwa kila zoezi, kwa umbali wa mita 10 hadi 15, yahesabiwe. Ongeza kumi kila wiki kama hakuna maumivu. Watumie mpira namba 4, ule wa AFLW, ambao ni mdogo kuliko namba 5 wa wanaume. Klabu nyingine huwapa wanawake mipira mizee ya wanaume iliyovimba kwa maji, mizito na inayoteleza. Huo ni ubahili unaolipwa kwa vidole na mapaja.

Nikitaja vidole, pete zote zivuliwe na kucha zikatwe. Mpira ukidakwa juu ya kichwa, vidole vitazame juu na vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira. Vidole vikiuelekea mpira kwa ncha, kano inayonyoosha ncha ya kidole hukatika na ncha inabaki imeinama. Wengi hupuuza kwa kuwa maumivu si makubwa. Kidole hicho kinahitaji kufungwa kikiwa kimenyooka kwa wiki sita hadi nane bila kufunguliwa hata siku moja, kwani kikiinama mara moja tu hesabu inaanza upya.

Yapo mambo ya mwili wa mwanamke ambayo makocha wa kiume huona aibu kuyasema na wachezaji huyavumilia kimya. Kuvuja mkojo wakati wa kukimbia au kuruka ni jambo la kawaida kwa waliozaa, na linatibika. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayeshughulikia misuli ya chini ya nyonga anaweza kubadilisha hali ndani ya miezi michache. Kinachoharibu ni mchezaji kuacha kunywa maji ili asivuje, halafu anakauka na kupata mikakamao ya misuli. Klabu inayojali hutoa kaptula za rangi nyeusi na huhakikisha choo kiko wazi na karibu na uwanja wakati wa mazoezi ya usiku. Aliyejifungua karibuni asikimbie kabla ya wiki 12 angalau, hata kama anajisikia vizuri. Hedhi nzito ya miaka ya mwisho kabla ya kukoma kwake humaliza madini ya chuma mwilini. Mchezaji anayechoka kuliko wenzake kila wiki apimwe damu kabla ya kuambiwa aongeze bidii. Na aliyepita miaka 50, au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, amuulize daktari kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa kabla ya kuingia kwenye mgusano.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo sina haja ya maneno mengi, kwa sababu mwongozo wa Australia uko wazi. Katika futiboli ya jamii mchezaji aliyepata mtikisiko hatacheza mechi kabla ya siku ya 21, na lazima awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya mgusano. Ukishuku tu, atoke, na asirudi siku hiyo. Kofia laini huzuia michubuko, haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ugumu unaowakabili maveterani ni kwamba hakuna daktari kando ya uwanja, na mchezaji mwenyewe ni mtu mzima anayezoea kuamini kauli yake. Basi klabu imteue mtu mmoja kila mechi, asiye kocha wala nahodha, mwenye neno la mwisho la kumtoa mchezaji. Jina lake litangazwe kwa timu zote mbili kabla ya mchezo kuanza.

Siku ya mechi, AFLW huchezesha 16 kila upande badala ya 18, na hata hao ni wengi kwa klabu ya maveterani iliyoanza juzi. Robo za dakika 15 zinatosha. Kubadilisha wachezaji kusiwe na kikomo, na kupangwe kwa saa badala ya uchovu: wa katikati ya uwanja watoke kila dakika tano hadi sita, kwa sababu mtu akisubiri kuchoka ndipo aombe kutoka, miguu yake imeshaanza kutua vibaya. Kupasha mwili moto kuchukue dakika 15 hadi 20, na kurudiwe kwa dakika tatu baada ya mapumziko ya nusu, jambo linalosahaulika sana kwenye baridi ya Julai, Melbourne au Hobart. Njumu ziwe za meno ya duara yasiyo marefu. Meno marefu ya bapa hung'ang'ania nyasi, na goti ndilo linalolipa. Kinga ya meno ivaliwe na mazoezini pia, kuanzia siku ya kwanza ya kukabana.

Yote haya yanahitaji uwanja na saa, na hapo ndipo viongozi wa klabu wanapopimwa. Timu mpya ya wanawake maveterani mara nyingi hupewa saa mbili na nusu usiku, kona ambayo taa haifiki, baada ya vijana kuukanyaga uwanja mpaka ukawa tope. Huwezi kufundisha kuanguka na kutua mahali ambapo mtu haoni mguu wake. Kama uwanja hautoshi, wagawiwe nusu yake mapema jioni mara moja kwa wiki kwa ajili ya kazi ya mgusano, na zoezi la pili la mbio na nguvu lifanyike popote palipo tambarare na penye mwanga. Vyumba vya kubadilishia nguo vilivyojengwa kwa wanaume, vyenye bafu moja la wazi, viwekewe vizuizi. Ni kazi ya seremala ya siku mbili, haingoji bajeti ya serikali ya jimbo.

Na mechi ikifika huku timu moja ina wachezaji 11 tu, isifutwe wala isichezwe 11 kwa 16. Upungufu huo huwachosha walio wachache hadi robo ya mwisho, na majeraha yanafuata. Manahodha wakubaliane kabla ya kurusha sarafu: 11 kwa 11, uwanja ufupishwe kwa kusogeza mistari ndani kwa vibao vya plastiki, na timu yenye ziada iazime wachezaji kwa yenye upungufu kwa zamu ya robo moja moja. Refa aambiwe, karani wa alama aambiwe, kisha mpira urushwe juu katikati.

Wako,
Msomaji, Melbourne